Thamani ya mali za marehemu: tuandike bei ya lini, na je, kuna kodi ya mirathi?

BintiHombolo:
Shikamooni wakubwa zangu. Baba yetu amefariki dunia, kikao cha ukoo kikanipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo imekwisha kuniteua. Ameacha nyumba Nkuhungu yenye fremu tatu za biashara, kiwanja Ihumwa alichokinunua miaka mingi kabla Serikali haijahamia Dodoma, shamba la zabibu Hombolo, ng'ombe 12 na hisa chache za benki. Hati ya mauziano ya kiwanja inaonyesha shilingi milioni 1.5. Kaka yangu anataka tuandike kiasi hicho hicho, na nyumba tuishushe thamani, ili tukwepe kodi ya mirathi. Nafsi yangu inasita. Je, tuandike bei ya lini, na ni nani anayestahili kuikadiria?

WakiliAreaD:
Pole sana kwa msiba, dada. Nianze na hofu ya kaka yako, kwa kuwa ndiyo inayopotosha mengine yote: Tanzania haitozi kodi kwa sababu tu mtu amerithi. Inayoweza kuwafikia ni kodi ya mapato ya pango la zile fremu, madeni ya kodi aliyoyaacha marehemu mwenyewe, na, iwapo mtauza ardhi au nyumba, kodi ya faida ya mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Kwa hiyo ile hati ya mauziano itunze vizuri, maana inathibitisha gharama aliyoingia baba, lakini usiigeuze kuwa thamani ya leo.

Orodha ya mali na madeni, yaani Fomu Namba 5, inatakiwa ifike mahakamani ndani ya miezi minne tangu ulipoteuliwa; ukiona muda hautoshi, omba nyongeza mapema. Madeni nayo yaandikwe, ikiwemo mikopo ya SACCOS na gharama za mazishi. Msimamizi anayeficha au kupunguza mali kwa makusudi anaweza kutenguliwa uteuzi wake.

MthaminiDom:
Naongezea upande wa kazi yangu. Kwa ardhi na majengo tafuta mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na umweleze wazi kwamba uthamini ni wa mirathi, kwa sababu lengo ndilo linaloamua njia ya kukokotoa. Jambo hili nalisisitiza kwa ajili ya shamba lako: wengi huja na viwango vya fidia ya mazao, vile vinavyotumika Serikali inapotwaa ardhi, wakidhani ndiyo bei ya soko. Mizabibu inayozaa vizuri na mizabibu iliyochoka haiwezi kulingana, hata kama ekari ni zile zile. Fremu hupimwa kwa pango linalopatikana kweli, na kiwanja cha Ihumwa kwa mauzo ya karibuni ya viwanja vya jirani, ambavyo kwa kuwa karibu na Mji wa Serikali pale Mtumba vimepanda mno.

Omba taarifa ionyeshe thamani ya siku ya kifo na thamani ya sasa, kwani ya pili ndiyo mtakayoihitaji siku ya kugawana. Kagua pia hati ya nyumba: kama bado ni ile ya CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa mwaka 2017, fika Jiji uulize taratibu zake, kwa sababu miaka ya umiliki iliyobaki huathiri thamani. Hisa hazihitaji mthamini. Chukua bei ya kufunga soko la DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, siku ya kifo.

MkaziWaKizota:
Binti yangu, usikubali. Sisi tulitumia bei za kwenye hati za zamani kwa nia njema kabisa. Mdogo wetu mmoja akachukua kiwanja kwa bei hiyo ya makaratasi, dada zetu wawili wakapewa fedha kidogo kama fidia, na haukupita muda kiwanja kikauzwa kwa fedha ambazo hakuna kati yetu aliyezitegemea. Dada zangu hawakuibiwa kisheria, kwani walisaini wenyewe, lakini mpaka leo hawakanyagi kwake, na mimi niliyekuwa msimamizi naona aibu kuwatazama.

Ng'ombe wahesabu mbele ya wazee wawili na kaka yako akiwepo, uandike umri na jinsia ya kila mmoja, kisha uulize bei mnadani wiki hiyo hiyo.

BintiHombolo:
Nawashukuru sana. Jumamosi tuna kikao. Nitamsomea kaka majibu haya kabla hatujamwita mthamini.