Watatu tuliomwona mwizi usiku: mashahidi watatu au mmoja?

Mleta mada

Wakuu, mjadala huu nauleta huku na mimi mwenyewe nikiwa na lawama.

Miaka mitatu nyuma, kwenye mwalo mmoja hapa Kigoma, iliibwa mashine ya boti. Zilikuwa siku za giza, kwa hiyo boti karibu zote ziko ziwani na taa zao zikitafuta dagaa. Ufukweni tuliokuwa macho ni watatu: mimi, nimejilaza juu ya magunia yangu nasubiri gari la alfajiri, mama lishe, anachochea moto wa uji, na mlinzi. Saa nane usiku mtu akapita nyuma ya mitumbwi iliyopandishwa mchangani, begani kabeba kitu kimefunikwa gunia. Mlinzi akapiga kelele, jamaa akatimua.

Nilichoona mimi ni mgongo na visigino. Basi. Tukakusanyika kwa mama lishe, akasema, "Si yule kijana wa fulana nyekundu, anayebeba matenga?" Mlinzi akadakia, "Ndiye, hata mbio zake." Wakanigeukia. Nikasema ndiye. Na sikudanganya, wakuu. Ile fulana niliiona. Hata leo nikifumba macho naiona, nyekundu, imechanika bega la kushoto.

Kijana alilala mahabusu siku mbili. Kumbe usiku ule alikuwa ziwani na wenzake wanne, na mashine ikaja kukutwa kwa mtu mwingine kabisa, mtu mzima, mnene.

Baadaye nikasoma jambo lililoninyima usingizi. Kwenye giza jicho la binadamu halitambui rangi. Chembe za jicho zinazofanya kazi penye mwanga hafifu hazitofautishi nyekundu na kijani, na nyekundu ndiyo inayowahi kupotea, unaiona nyeusi. Mahali alipopita yule mtu moto wa uji haukufika. Ina maana hata angekuwa kavaa fulana hiyo kweli, mimi nisingeiona nyekundu. Ile nyekundu nilipewa pale jikoni.

Sasa swali: watu walioona pamoja, wakazungumza kabla hawajaulizwa, tuwahesabu ni mashahidi wangapi? Mimi nasema ni mmoja mwenye midomo mitatu.

Nahodha wa Katonga

Usitufanye vipofu, kaka. Mimi ziwani naishi kwa macho ya wenzangu. Kijana akikaa zamu peke yake, akaikodolea macho taa moja ya mbali gizani, baada ya muda atakwambia inasogea, inatufuata. Mwenzake akiamka akaangalia: taa imetulia palepale. Wawili wanarekebishana. Wewe ulikosea kwa sababu ulikuwa umesinzia juu ya magunia, usisingizie wenzako.

Mwalimu, Kasulu

Nahodha, hiyo taa yako ni maarufu kuliko unavyodhani. Mwaka 1935 Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyekuwa akisoma New York, alitoa matokeo ya jaribio lake: aliwaweka watu kwenye chumba cha giza totoro chenye nukta moja ya mwanga. Nukta haisogei hata kidogo, ila gizani jicho halina cha kuipimia, hivyo kila mtu anaiona inatembea. Kila mmoja akiwa peke yake alikuwa na kipimo chake. Wakikaa pamoja na kusema kwa sauti, vipimo vikasogeleana mpaka vikakutana. Na hapa ndipo pa kuangalia: walipotenganishwa tena, wengi waliendelea kuiona nukta kwa kipimo cha kundi. Kundi limeondoka, macho yake yamebaki.

Hao hawakurekebishana, Nahodha. Walikubaliana tu, na wote walikuwa wamekosea, maana nukta haikusogea.

Ila na wewe mleta mada usivuke mpaka. Mwaka 1951 Solomon Asch wa Marekani alitoa matokeo ya jaribio lake: aliwaonyesha vijana mstari, wachague kati ya mitatu upi unalingana nao. Swali la mtoto wa darasa la pili. Isipokuwa wenzao wote chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa makusudi. Karibu theluthi ya majibu yakafuata uongo ule, na robo tatu ya vijana waliteleza angalau mara moja. Walipohojiwa baadaye, wengi wa walioteleza walisema walidhani wao ndio wanaokosea, na wengine waliujua mstari sahihi, ila hawakutaka kuonekana wa ajabu. Waliosema waliuona hivyo kweli walikuwa wachache. Kwa hiyo penye mwanga kundi hushika zaidi akili na ulimi. Penye giza ndipo linapofika mpaka kwenye jicho. Wewe na fulana yako mlikuwa gizani.

Mtu wa Yanga, Mwanga

Giza gani, mwalimu? Tarehe 25 Julai 2021, jua linawaka, uwanja wetu wa Lake Tanganyika, fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga na Simba. Mukoko Tonombe wetu anapewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Nilikaa katikati ya watu wa kijani na njano, na sote tuliona hakuna kosa. Shemeji yangu alikaa upande wa wekundu, anasema kosa lilionekana mpaka Ujiji. Simba wakashinda 1-0, bao la Taddeo Lwanga, na mimi na shemeji hatukuongea mpaka Jumatano.

Hata marefa wanaliwa na hili. Utafiti wa Uingereza wa 2002 uliwaonyesha marefa 40 mechi ileile ya Liverpool na Leicester, baadhi yao na kelele za mashabiki, wengine kimya. Waliosikia kelele waliwahesabia wenyeji faulo pungufu kwa asilimia 15.5. Picha ni ileile! Msituletee habari za giza.

Wakili wa Mjini

Mahakama zetu zinalijua hili zaidi ya mnavyofikiri. Kwenye kesi ya Waziri Amani, 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa makosa uondolewe. Yanaangaliwa muda wa kumtazama, umbali, mwanga, na kama shahidi alimfahamu mtu huyo kabla. Tena Sheria ya Ushahidi haidai idadi yoyote maalumu ya mashahidi. Mmoja anayeaminika anatosha, kumi wasioaminika hawatoshi. Kwa hiyo hesabu ya mleta mada, sijui mmoja sijui watatu, haina kazi mahakamani.

Isitoshe, kesi ya Marwa Wangiti Mwita, 2002, inasema shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo anaongeza uzito wa maneno yake. Ninyi mlimtaja palepale. Kwa kipimo hicho mlikuwa mashahidi wazuri.

Mleta mada

Wakili, hapo ndipo panaponitisha. Tulimtaja mapema, ndiyo, lakini tulimtaja pamoja. Umapema unamzuia mtu kutunga baadaye. Haumzuii kuambukizwa dakika ileile. Mwaka 2003 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, waliwaonyesha watu wawili wawili tukio moja kwa video, kila mmoja akidhani mwenzake kaona kilekile, kumbe kila video imepigwa upande wake. Wakazungumza kidogo. Asilimia 71 ya waliozungumza walikuja kueleza jambo ambalo upande wao haukulionyesha kabisa. Hao walikaa kwa utulivu, hakuna aliyeibiwa mashine, hakuna mlinzi anayehema.

Kwenye gwaride la utambulisho, watu wanapopangwa mstari ili shahidi amtambue mtuhumiwa, polisi huwaita mashahidi mmojammoja. Safi. Lakini mpaka gwaride lifike, sisi tumeshakunywa uji pamoja. Ninachotaka ni kidogo: mlinzi au mwenyekiti wa mtaa akifika, kabla hajauliza "ni nani?", amvute kila mtu pembeni, amuulize "wewe umeona nini?", aandike. Daftari la shilingi mia tano.

Mwalimu, umesahau kipande kimoja cha Asch. Alipompanga mtu mmoja tu kusema kweli, walioburuzwa walipungua sana. Yule mmoja usiku ule nilipaswa kuwa mimi. Nilikuwa na visigino vyangu tu, ningesema visigino.

Nahodha wa Katonga

Sawa, daftari nakubali. Ila mama lishe umemwonea. Umemuuliza yeye anakumbuka nini?

Mleta mada

Nilimuuliza Jumapili, nikinunua vitumbua. Akacheka, akasema, "Baba, mimi nilisema yule mbeba matenga. Habari ya fulana nyekundu uliileta wewe."