Jirani kang'oa masale na kusogeza mpaka wa kihamba cha marehemu baba. Nianzie wapi?

Mtoto wa Kihamba:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Kwetu ni Rombo, ila mimi na ndugu zangu tunatafuta maisha Dar. Baba alifariki 2016, kihamba, yaani shamba la nyumbani la kurithi, amebaki nacho mama. Desemba tulipopanda nyumbani nikazunguka shambani, nikakuta mstari wa masale, ile mimea tunayoweka mpakani, upande wa jirani siyo ule ninaoujua. Yale ya zamani yalikuwa manene, yamepinda kufuata mfereji. Haya hata unene wa kidole hayajafikia, yamenyooshwa kwa kamba, na yako ndani kwetu hatua kama nne. Nikifunua majani makavu ya migomba ng'ambo ya huo mstari, visiki vya zamani bado vipo, vimekatwa kwa panga.

Kijana wa jirani ameshapanda migomba hapo na amemwaga kokoto, anataka kujenga banda la ng'ombe. Anadai baba alimuuzia mzee wake hicho kipande. Karatasi hana, na mashahidi anaowataja wote ni marehemu. Mzee mwenyewe ni rika la baba, hasikii vizuri, ukimuuliza anasema muulize kijana.

Mama hataki ugomvi, anasema majirani ndio watakaomzika. Kaka anataka twende tukang'oe kila kitu. Mimi nafikiria polisi, kesi ya kuingia kwa jinai. Hati hatuna, ni ardhi ya kurithi. Nishaurini.

Panga Butu:
Ng'oeni usiku, asubuhi kila mtu aamke anashangaa.

Mangi Mstaafu:
Huyo hapo juu msimsikilize, atawapeleka rumande kwa kuharibu mali huku kiwanja kikibaki kwa mwenzenu.

Mkuu, hivyo visiki usiviguse! Piga picha, nenda na wazee wawili watatu wavione, kisha uviache. Siku baraza la ardhi likija shambani vifukuliwe mbele ya pande zote mbili. Ukivifukua wewe, kijana atasema umevipanda. Na asikudanganye mtu kwamba alikosea. Sale ndilo tunalokwenda nalo kuomba msamaha, hakuna Mchaga anayeling'oa mpakani bila kujua anachofanya.

Wakili wa Kata:
Polisi sahau kwanza. Mahakama Kuu ilishasema katika shauri la Sylivery Nkangaa dhidi ya Raphael Alberto, 1992, kwamba kosa la kuingia kwa jinai halisimami wakati umiliki wenyewe unabishaniwa na haujaamuliwa kwenye shauri la madai. Kijana atasema "tulinunua", na jalada litaishia hapo.

Sasa swali ambalo hakuna aliyekuuliza: nani ni msimamizi wa mirathi ya baba? Kama hakuna, wewe huna miguu ya kusimama barazani. Mali bado ni ya marehemu, na anayeweza kuidai ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Nimeona watu wanahangaika miaka na kesi yenye ushahidi mzuri tu, halafu inafutwa kwa hilo moja. Fanyeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, nendeni Mahakama ya Mwanzo.

Na msilale. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, na kwa ardhi ambayo marehemu alikuwa anaikalia mpaka anafariki, hesabu inaanzia siku ya kifo. 2016 jumlisha 12, piga mwenyewe.

Mkishapata msimamizi, anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Ikishindikana, Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 kata haiamui tena, inapatanisha tu. Ikishindwa inatoa cheti cha kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hicho cheti. Kule ndiko mnaweza kuomba zuio la ujenzi. Kwenye maombi elezeni kipande chenyewe: ukubwa, mfereji uko wapi, jirani wa kila upande ni nani. "Shamba letu la Rombo" halitoshi.

Bi Mkubwa:
Wakili kamaliza upande wake. Mimi naongeza: usimwache yule mzee. Kutosikia ni jambo moja, kusahau ni jingine. Nenda na mama na mbege, pombe yetu ya ndizi, kaa upande wa sikio zima, kijana asiwepo. Wazee wengi hawapendi kufa na mpaka wa watu. Halafu tafuteni akina mama waliokuwa wanakata majani ya ng'ombe hapo mpakani. Hao wanaujua mstari kuliko wanaume wote wa kijiji, na hakuna anayekumbuka kuwaita ushahidi.

Mtoto wa Kihamba:
Asanteni sana. Mirathi kweli hatujafungua. Kikao cha ukoo tutakifanya Pasaka, kaka nimeshamtuliza. Swali: dada zetu wawili wameolewa, baba mkubwa anasema hawahusiki na kihamba, wasiitwe. Ni sawa?

Wakili wa Kata:
Si sawa. Ni watoto wa marehemu, waandikwe wote, waliokwenda kwa waume na waliobaki. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Na mkiwaficha, mmoja wao akienda kupinga uteuzi, msimamizi wenu anaondolewa na kesi ya jirani inarudi mwanzo. Baba mkubwa mwambieni hivyo hivyo.

Panga Butu:
Nimefuta wazo langu la usiku. Mbege inaletwa saa ngapi?