Mrejesho: Lamu, manunuzi na misosi

Wakuu, niliuliza hapa kama Lamu inafaa kumpeleka mama, anayependa kutembeatembea na kununua vitu. Tumesharudi, asanteni sana.

Aliyesema tuanzie Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka mjini Lamu, Mungu ambariki. Mama aliganda dukani kwa mshona kofia: kila kitundu cha kofia kinazungushiwa uzi kwa mkono, ndiyo maana bei haishuki kirahisi. Msiwabane wale mafundi. Nilichukua pia makubadhi ya ngozi.

Ngome iliyokamilika 1821 iko jirani na soko, haichoshi wazee. Chakula: samaki wa kupaka na mkate wa mofa wa moto, jamani! Vichochoro ni vyembamba, punda akija mpisheni.