Binti yangu amempenda mno mtangazaji wa mubashara. Je, nimkataze?

Mama mlezi:
Habari zenu, wanajukwaa. Binti yangu wa miaka 15 hufuatilia kila jioni matangazo mubashara ya dada mmoja anayecheza michezo ya video huku akizungumza na watazamaji. Hivi karibuni dada huyo alisoma jina la akaunti yake kwa sauti na kumuuliza mtihani ulikwendaje, na tangu hapo mwanangu humtaja kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Mtangazaji alipopumzika bila taarifa, binti alikosa hata hamu ya kula. Je, uhusiano wa namna hii ni wa kweli, na inafaa niukatize?

Mnasihi:
Ndugu mzazi, tangu mwaka 1956 watafiti Donald Horton na R. Richard Wohl walieleza jinsi watazamaji wa televisheni wanavyojenga ukaribu na mtangazaji asiyewajua. Kilichobadilika ni kwamba wa mubashara hujibu papo hapo, na kijana aliye katika umri wa kutafuta kutambuliwa akisikia jina lake likitajwa mbele ya umati, huona kwamba amethaminiwa. Hisia zake ni za kweli kabisa. Kisicho na usawa ni kufahamiana kwenyewe, kwa kuwa yeye anajua kicheko, uchovu na siri ndogondogo za mwenzake, ilhali mwenzake anajua jina la akaunti na sentensi chache tu. Tafadhali usimdhihaki, kwa maana ataendelea kutazama kwa kificho.

Mtazamaji kijana:
Shikamoo mama. Naomba niongeze kwamba wengi wetu hatumfuati mtangazaji peke yake. Kwenye maoni tunajuana, tunasalimiana na kuulizana hali, kwa hiyo ukimkataza ghafla utamtenga na kundi zima. Keti naye utazame, hata mara moja.

Baba wa vijana wawili:
Mimi ninahofia zaidi fedha. Mara nyingi jina husomwa kwa sababu mtu ametuma zawadi ya mtandaoni inayonunuliwa kwa fedha, na hapo kijana hujifunza kwamba upendo hulipiwa. TikTok huwaruhusu wenye miaka 18 na kuendelea tu kutuma zawadi, lakini akaunti iliyofunguliwa kwa umri wa uongo huikwepa kanuni hiyo. Kagua kumbukumbu za malipo kwenye simu, kisha umuulize kwa upole kama mtangazaji huyo amewahi kumwandikia faraghani. Ikiwa amewahi, zungumzeni kwanza kuhusu ujumbe huo, kabla ya suala la kutazama.