James Wilson alikuwa nani hasa?

Wakuu naomba kujua, huyu James Wilson ni nani? Jina lake liko kwenye Azimio la Uhuru la 1776 halafu tena kwenye Katiba ya Marekani ya 1787, ila mbona hasikiki kama kina Washington?

— Mskochi huyo, kazaliwa 1742, akahamia Philadelphia akiwa na miaka 20 na kitu, akasomea sheria kwa wakili John Dickinson kisha akafungua ofisi mji wa Reading na baadae Carlisle, hukohuko Pennsylvania, kesi zake nyingi zilikuwa za ardhi.

— Ongezea hapo, kwenye mkutano wa katiba ndo alitaka rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja, wenzake wakagoma. 1789 Washington akampa ujaji Mahakama ya Juu.

— Ardhi hiyohiyo ndo ilimmaliza. Alikopa akanunua maeneo makubwa mpaka akashindwa kulipa, akatupwa lupango kwa deni huku bado ni jaji, yaani jaji wa Mahakama ya Juu jamani! Kafa 1798 kule Edenton, North Carolina, akiwakwepa wadai.

— Duh, kumbe. Sasa naelewa kwanini hayupo kwenye noti.