Filamu za meli kutekwa: mabaharia wetu wako wapi?

Wakuu, jana usiku nimeirudia Captain Phillips, ile filamu ya nahodha wa Marekani aliyetekwa na maharamia wa Kisomali, na nimelala na hasira. Leo sinyamazi.

Sisemi ni filamu mbovu. Mwongozaji Paul Greengrass anajua kukubana kifua. Viboti vya maharamia vinaifukuza meli kubwa, mabomba ya maji yanamwagwa ubavuni, halafu ile ngazi ya chuma inanasa kwenye ukingo na ujue kwisha habari. Na Barkhad Abdi, kijana Msomali wa Minneapolis ambaye hakuwahi kuigiza kabla ya hapo, aliigiza kiongozi wa maharamia akasimama bega kwa bega na Tom Hanks, aliyeigiza nahodha.

Ugomvi wangu ni nani anahesabiwa kuwa mtu. Maersk Alabama, meli ya kweli ya kisa hicho, ilitekwa Aprili 2009 ikiwa njiani kuja Mombasa, na sehemu ya shehena yake ilikuwa chakula cha msaada. Humo mlikuwa na mabaharia 20. Filamu imemchukua mmoja, nahodha Phillips, ikamfanya steringi, wengine wakabaki wa kunung'unika na kujificha. Baadhi yao walikwenda mahakamani wakidai nahodha alipuuza maonyo ya kukaa mbali na pwani ya Somalia. Hilo kwenye filamu hulikuti.

Lakini kinachoniuma zaidi ni ile nyingine, A Hijacking, ya Mdenmark Tobias Lindholm, 2012. Nayo inatisha: mpishi anawekewa bunduki huku akibembeleza kwa simu, na huko Copenhagen bosi wa kampuni ya meli amejifungia ofisini anabishana bei. Maharamia wanataka dola milioni 15, yeye anaanza na 250,000. Sawa. Sasa jueni walipigia picha wapi. Bahari yetu hii, ndani ya MV Rozen.

Rozen, jamani! Meli hiyo ilitekwa kwelikweli Februari 2007, ikitoka kushusha chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huko Somalia. Ndani walikuwamo Wakenya sita na Wasri Lanka sita, wakashikiliwa mpaka Aprili. Yaani watu wamekuja mpaka kwetu, wamepanda meli ambayo ndugu zetu waliteseka humo, halafu hadithi wakampa mpishi wa Denmark!

Mnaikumbuka ile ya mwisho ya Captain Phillips? Mhudumu wa afya wa jeshi la majini anamkalisha nahodha, anamwambia apumue, anamuuliza anaumia wapi. Jamaa ametapakaa damu, anatetemeka, maneno hayatoki. Ukiiangalia unamhurumia kama baba yako mzazi. Nataka na wale sita waonekane hivyo. Nataka dunia ikae dakika nzima ikimtazama baharia wa Mombasa anatetemeka, imuulize anaumia wapi.

Na msiniambie hakuna kisa cha kutengeneza. MV Albedo ilitekwa Novemba 2010 ikitoka bandari ya Jebel Ali, Dubai, kuja Mombasa, bandari ile ile. Mwenye meli hakulipa. Wapakistani saba walitoka 2012 baada ya watu kwao kuchangishana kikombozi, wenzao wa Bangladesh, Iran, India na Sri Lanka wakaachwa. Hebu fikiria asubuhi ile: mmekaa mateka pamoja karibu miaka miwili, wenzako wanaitwa waondoke, wewe jina lako halisomwi. Julai 2013 meli ikazama wakiwa bado mateka, wengine wakafa maji. 11 wa mwisho walipata uhuru Juni 2014. Miaka mitatu na nusu! Mnataka mvutano gani zaidi ya huo?

Kuna mtu atasema Hollywood inatengenezea watu wake. Haya, na sisi je? Kuanzia Lamu mpaka Mtwara, ni mtaa gani wa pwani usio na familia yenye baharia? Watengeneza filamu wetu kila mwaka wanatuletea mapenzi, majumba ya kuazima na mama mkwe mkorofi. Kamera mnazo, waigizaji wapo, bahari iko mlangoni. Tena si mambo ya kale: Machi 2024 MV Abdullah ya Bangladesh, iliyotoka Maputo, ilitekwa ikiwa na mabaharia 23 ndani.

Kama humu kuna aliyekuwamo kwenye meli iliyotekwa, au mkewe, au mwanawe, na yuko tayari kusimulia, aandike. Na ninyi watayarishaji mnaopita humu kimyakimya, jibuni.