Kufungua na kufunga plagi kwenye hedi ya aluminiamu: tupeane uzoefu

Mwanagia: Wakuu, juzi nilifungua plagi nne za injini (zile za kutoa cheche), injini ikiwa imetoka kuzimwa. Tatu zilitoka vizuri. Ya nne ilitoka imevaa meno (nyuzi za skrubu) ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, vipande vya aluminiamu vinameta. Nimeshashusha hedi, iko mezani. Kabla sijaigusa tena, naomba kusikia yaliyowakuta wenzangu.

Spana16: Pole sana mkuu. Mimi nasubiri injini ipoe kabisa, ikibidi ilale hadi asubuhi. Aluminiamu yenye moto meno yake hukwanguka upesi. Na ukifunga plagi baridi kwenye hedi ya moto, tundu likipoa linaibana, maana aluminiamu hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma.

Niliwahi kukuta plagi iliyokaa miaka bila kuguswa. Nikazungusha robo, ikaanza kulia. Nikaacha palepale, nikairudisha kidogo ndani, nikadondoshea oili ya kulegeza kutu, nikaenda kulala. Kesho yake nilikwenda nayo mbele na nyuma, kila ikikaza narudi. Ilinichukua karibu saa nzima kwa plagi moja, lakini ilitoka na meno ya hedi yakabaki salama.

Mzee wa Koili: Pulizeni upepo kwenye shimo kabla ya kufungua. Mchanga ukidondoka ndani ya silinda, hiyo kazi nyingine.

Dada Piston: Mimi kilichoniumiza ni kufunga. Shimo lilikuwa refu, sikuona chini, nikaanza moja kwa moja na spana. Ikaingia upande. Tangu siku hiyo naivisha plagi kipande cha mpira wa kupitishia petroli, naizungusha kwanza kinyume mpaka nihisi meno yamedondokeana, ndipo naingiza. Ikikwama, mpira unateleza wenyewe, hedi haiumii. Spana naishika plagi ikishakaa.

Nati Huru: Swali kwa wote: mnapaka grisi kwenye meno?

Spana16: Nilikuwa napaka, nimeacha. Plagi nyingi za sasa meno yake yamepakwa madini ya kuzuia kunata. Ukiongeza grisi, spana ya kupimia inasoma kipimo kilekile huku meno yakivutwa zaidi. Plagi ya milimita 14 yenye washa mpya (ile pete bapa ya kuziba) mimi naikaza nyutonimita 25 hivi kwa spana hiyo, meno yakiwa makavu. Bila kipimo: ikigusa kwa mkono, nusu mzunguko au zaidi kidogo. Ila ile isiyo na washa, yenye kalio la mshazari, ni moja ya kumi na sita tu ya mzunguko! Nimeona hedi iliyokufa kwa kuchanganya hizo mbili.

Dada Piston: Mwanagia, hedi yako inapona. Tanua tundu, weka bushi ya chuma yenye meno ya ndani. Bahati umeishusha, vumbi la kukata utaliosha lote. Mimi nilifanya hedi ikiwa bado juu ya injini, nikapaka grisi nzito kwenye kikata meno ili inase vumbi, na bado nililala na wasiwasi.

Mwanagia: Asanteni. Nimepima, tundu ni milimita 14, na jino hadi jino ni milimita 1.25. Kesho naweka bushi, na zile tatu nazikagua meno kwa tochi kabla ya kurudisha.